Kompyuta ya Kwenye Filamu na Kompyuta Iliyo Mezani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa kompyuta, na ninyi vijana mliokaa huku mbele na mashine zenu magotini,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie programu za kompyuta na mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha mashine nzima, kama Windows na Linux, na wakati huohuo niseme lolote nitakalo kuhusu filamu zinazopendwa, kwa kuwa wanaonijua wanafahamu kwamba mapenzi yangu yako pande zote mbili. Wapo wanaodhani mambo haya hayakutani, kwamba la kwanza ni kazi na la pili ni starehe. Mimi nimeishi nayo pamoja tangu utotoni, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hofu tuliyo nayo mbele ya kompyuta, pamoja na imani ya upofu tuliyo nayo kwake, kwa sehemu kubwa tulifundishwa na skrini ya sinema.

Niseme mapema ninachokisimamia. Ndani ya kompyuta hamna uchawi. Mna kazi ya watu, iliyoandikwa mstari baada ya mstari, na kazi hiyo inaweza kusomwa, kukosolewa na kurekebishwa. Mfumo endeshi ninaouheshimu ni ule unaoniruhusu kuiona kazi hiyo, na filamu ninayoiheshimu, inapoigusa kompyuta, ni ile isiyonificha kazi hiyo.

Nitaanza na tukio moja ambalo wapenzi wa kompyuta wamelibishania kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika Jurassic Park, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, msichana aitwaye Lex anakaa mbele ya kompyuta ilhali mnyama wa kutisha yuko mlangoni na watu wazima wameuegemea mlango kwa mabega yao. Lex anaitazama skrini, anatambua kwamba mfumo endeshi ule ni Unix, anasema anaujua, kisha anaanza kusafiri juu ya uwanda wenye masanduku ya rangi yaliyosimama kama majengo, akitafuta faili linalohusika na kufuli za milango. Nilipokuwa mtoto niliamini kila kitu. Nilipokua na kujifunza mawili matatu, nikaungana na waliokuwa wakicheka, maana Unix niliyoijua mimi ilikuwa maandishi matupu juu ya skrini nyeusi. Ilinichukua muda kujua kwamba tuliocheka ndio tuliokosea. Kilichoonekana pale ni programu halisi, iliyoundwa na kampuni ya Silicon Graphics kwa ajili ya mfumo wake uitwao IRIX, na IRIX ni wa ukoo wa Unix. Kila folda ilichorwa kama jukwaa, na kila faili likawa sanduku juu ya jukwaa hilo, kimo chake kikionyesha ukubwa wa faili lenyewe. Tena mashine za kampuni hiyohiyo ndizo walizotumia mafundi wa Industrial Light & Magic kuwachora wale dinosaria wa kompyuta, ambao katika filamu nzima wanaonekana kwa dakika chache tu na bado ndio kila mtu anaowakumbuka.

Leo ukinitaka nichague tukio la kompyuta ninalolipenda kuliko yote, nitachagua hilo, na sababu yake ni ndogo sana. Lex hadukui kitu. Anasoma. Anaingia folda moja, anatoka, anaingia nyingine, anasubiri picha imalize kusogea, na hofu yote ya tukio lile imo katika kule kusubiri. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta faili moja ndani ya mfumo asioujenga yeye, huku wenzake wakimsimamia mgongoni, anajua kwamba hali ile ni ya kweli kabisa.

Sasa mfananisheni na mdukuzi wa kawaida wa sinema. Anakaa, anapiga vidole kwenye kibodi kama mtu anayecheza ngoma, hagusi kipanya, hasomi kinachoandikwa, na baada ya nusu dakika yanatokea maneno makubwa mekundu yakimkatalia, kisha maneno makubwa ya kijani yakimkubalia. Hilo linaniudhi, na nitawaeleza kwa nini. Ukikosea nywila, mfumo halisi hukujibu kwa mstari mmoja mdogo usio na rangi, kisha unakuuliza tena. Mtu anayetaka kuingia mahali pasipo pake hutumia muda wake mwingi kusoma, kuwadanganya watu kwa barua pepe zinazofanana na za kweli, na kutafuta mashine ambayo mwenyewe hajaisasisha kwa miezi. Mtazamaji aliyelelewa na yale maneno mekundu hubaki akiamini kwamba udukuzi ni kipaji cha ajabu ambacho hakuna kinga yake, kwa hiyo anaahirisha masasisho, anatumia nywila moja kila mahali, na siku akiibiwa anaona ni ajali ya mbingu.

Wapo waliojitahidi. Katika The Matrix Reloaded ya mwaka 2003, Trinity anapoingia kwenye kompyuta ya mtambo wa umeme, skrini yake inaonyesha Nmap, programu huria ambayo wasimamizi wa mitandao wanaitumia kila siku kuuliza mashine ni milango gani iliyo wazi. Inapata mlango wa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kisha anatumia dosari ambayo ilikuwepo kweli na ilikuwa imetangazwa mwaka 2001. Yote hayo yanapita kwa sekunde chache, na watazamaji wengi hawakuona lolote isipokuwa maandishi ya kijani. Hata hivyo mtu fulani katika timu ile alikaa akajiuliza mashine kama hiyo ingeingiliwaje hasa, na ule uangalifu nauheshimu, kwa sababu tukio halikupoteza mvuto wowote kwa kuwa la kweli.

Na msidhani kwamba haya ni mambo ya kupoteza muda. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya WarGames, kuhusu kijana anayeipa kompyuta yake kazi ya kupiga namba za simu moja baada ya nyingine mpaka anaifikia mashine ya jeshi la Marekani bila kujua ameifikia. Rais Ronald Reagan aliitazama mwezi Juni mwaka huo, na siku chache baadaye akawauliza wakuu wake kama jambo lile linawezekana. Jibu alilorudishiwa ni kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani, na Septemba 1984 akatia saini agizo kuhusu ulinzi wa mawasiliano na kompyuta za serikali. Filamu ilibadilisha sera kwa sababu iliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa la kweli.

Tugeukie mifumo endeshi yenyewe, na nitaingilia kwenye filamu nyingine. Katika Independence Day ya mwaka 1996, binadamu wanaokoka kwa kuingiza kirusi kutoka kwenye kompyuta mpakato hadi ndani ya chombo cha wavamizi kutoka anga za mbali. Tumelicheka tukio hilo, na safari hii tulikuwa sahihi, lakini wengi wetu hatujawahi kueleza kosa liko wapi. Programu haielei hewani. Inaandikwa kwa ajili ya prosesa fulani, yaani chipu kuu ya kompyuta, inayoelewa amri fulani, na juu ya prosesa hiyo kuna mfumo endeshi unaoipa programu kila inachohitaji: nafasi katika kumbukumbu, zamu ya kutumia prosesa, ruhusa ya kufungua faili, njia ya kutoka kwenda kwenye mtandao. Programu ikitaka kuandika herufi moja tu kwenye diski, inaomba, na mfumo endeshi ndio unaoamua. Ndiyo maana programu ya Windows haifunguki yenyewe kwenye Mac iliyo pembeni yake, mashine mbili zilizotengenezwa kwenye sayari moja na watu waliosoma vitabu vilevile. Anayedhibiti mfumo endeshi anadhibiti kila ombi linalopita, na kwa hiyo swali la mfumo gani unautumia ni zito kuliko swali la rangi ya madirisha yake.

Mengi ya tunayoyatumia leo yana babu mmoja. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuandika Unix, na mwaka 1973 waliiandika upya kwa lugha ya C, uamuzi ambao uliufanya mfumo uweze kuhamishwa kutoka aina moja ya mashine kwenda nyingine. Wazo la kundi lao lililonivutia tangu nilipolisoma ni kwamba kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri, kisha matokeo yake yamiminwe ndani ya programu inayofuata kama maji yanavyopita kwenye bomba. Ukikaa mbele ya dirisha la amri ukaunganisha programu tatu ndogo, ya kwanza ikiorodhesha mafaili, ya pili ikichuja yale ya mwaka jana, ya tatu ikiyahesabu, unapata jibu ambalo hakuna aliyekuandalia kitufe chake. Raha ya jambo hilo ni vigumu kuieleza kwa ambaye hajalifanya.

Kuhusu Windows, nitasema la haki. Sijaona mfumo mwingine uliobeba mzigo wa zamani kwa uaminifu kiasi hicho. Programu nyingi zilizoandikwa miaka ya tisini bado zinafunguka humo, na Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, iliendelea kupewa masasisho ya usalama hadi Aprili 2014. Watu waliojenga hayo ni mafundi hodari. Ninachokataa ni mlango kufungwa: msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya waliouandika, hausomeki na mimi wala nyinyi, na mfumo unapoamua kuwasha upya mashine au kupeleka taarifa fulani kwa mwenye mfumo, tunaambiwa tu kwamba ni kwa faida yetu. macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, naipenda kwa umbo lake, na chini ya umbo lile mna Unix iliyotoka kwenye kampuni ya NeXT, ambayo Apple ilitangaza kuinunua Desemba 1996. Ila imefungamanishwa na mashine za kampuni moja, na anayetaka kuwa nayo kihalali hana duka la pili. Nitaishia hapo, kwa kuwa moyo wangu uko kwingine na sioni sababu ya kujifanya sina upande.

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wa bure kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa. Miaka minane kabla yake, Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuandika mfumo mzima ambao mtumiaji ana haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Stallman na wenzake walikuwa na zana nyingi lakini hawakuwa na kiini kilichokamilika, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayozungumza na mashine yenyewe. Torvalds alikuwa na kiini bila zana. Mwaka 1992 Linux iliwekwa chini ya leseni ya GNU, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuichukua akaifungia nyuma ya mlango wake. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 kwenye orodha ya dunia ya mashine zenye nguvu kuliko zote zinatumia Linux.

Takwimu hizo zinapendeza, lakini si ndizo zilizonibadilisha. Kilichonibadilisha ni kompyuta mpakato moja ya zamani, yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne na bawaba iliyolegea. Mfumo uliokuja nayo ulifika mwisho wa kupewa masasisho, na toleo jipya likakataa kusakinishwa likisema mashine haikidhi masharti. Skrini ilikuwa nzima, kibodi ilikuwa nzima, prosesa haikuwa na kasoro yoyote, na bado nilikuwa nikiambiwa kwa upole kwamba kifaa hiki kimekufa. Nikaweka Linux kwenye flashi, nikaichomeka, nikaiwasha. Kabla ya picha yoyote kutokea, maandishi yakaanza kushuka: diski imeonekana, kadi ya sauti imeonekana, kamera haijajibu, inajaribiwa tena, imejibu. Nilisimama pale nikiyasoma kama mtu anayesoma barua. Kwa miaka yote niliyokuwa na mashine ile, hiyo ndiyo siku ya kwanza iliyonieleza inafanya nini. Mfumo uliotangulia ulinionyesha duara linalozunguka. Duara lile halisemi chochote. Likizunguka dakika tano huwezi kujua kama kazi inaendelea au imekwama. Mashine ile ninaitumia mpaka leo, na hotuba hii nimeiandikia humo.

Sisemi kwamba Linux haina taabu. Nimewahi kukaa usiku kucha nikitafuta sababu ya kadi ya mtandao kukataa kufanya kazi baada ya sasisho. Lakini palikuwa na kumbukumbu za matukio za kusoma, palikuwa na mstari uliotaja jina la faili lililokosekana, na palikuwa na watu wengine waliokwisha kuusoma mstari huohuo kabla yangu. Kukosea mbele ya mfumo unaozungumza kunafundisha. Kukosea mbele ya mfumo ulionyamaza kunamwacha mtu akiwa mnyonge tu.

Sasa narudi kwenye filamu, kwa sababu upande ambao kamera haiuonyeshi ndio wenye hadithi tamu zaidi. Filamu ya kawaida ina fremu 24, yaani picha 24 zisizosogea, kila sekunde. Filamu ya uhuishaji ya dakika 80 ina fremu 115,200, na kila moja lazima ikokotolewe na kompyuta: mwanga unaanguka wapi, nywele zinapeperuka vipi, kivuli kinafikia wapi. Tuseme fremu moja inachukua saa moja. Mashine moja ingefanya kazi mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 13. Mashine 100 zingemaliza kwa siku 48. Kwa hesabu hiyo mtaelewa kwa nini studio za filamu zinaishi kwa makundi ya mashine, na kwa nini zilianza kuitazama Linux kwa jicho la kazi. Mashine za Silicon Graphics zilikuwa na bei kubwa mno. Kompyuta za kawaida zilikuwa zimeanza kuzifikia kwa nguvu, na msimbo ambao studio ziliuandika kwa ajili ya Unix ungeweza kuhamia Linux bila kuandikwa upya wote. Kampuni ya Digital Domain ilipofanya picha za kompyuta za Titanic, filamu ya James Cameron ya mwaka 1997, ilitumia mashine za Alpha ambazo nyingi ziliendeshwa na Linux, mfumo uliokuwa na umri wa miaka sita tu. Mamilioni ya watu walilia kwa ajili ya meli ile ikizama bila kujua kwamba sehemu ya bahari waliyokuwa wakiitazama ilipitia kwenye mfumo endeshi ambao mwanafunzi mmoja alikuwa ameuanzisha kwa kujifurahisha.

Mwaka 1998 palitokea jambo ambalo kila anayefanya kazi na kompyuta anapaswa kulijua. Pixar walikuwa wakitengeneza Toy Story 2. Mafundi walikuwa wamefungua folda ya mhusika Woody, na machoni pao kofia yake ikatoweka, kisha viatu, kisha Woody mwenyewe. Mtu fulani alikuwa ameandika amri ya kufuta kila kitu kuanzia mahali pasipostahili, na amri hiyo kwenye mifumo ya ukoo wa Unix haiulizi mara mbili, inatii. Wakapiga simu kwenye chumba cha mashine wakataka umeme ung'olewe. Walipowasha tena, karibu asilimia 90 ya kazi ilikuwa imekwenda. Hapakuwa na hofu sana mwanzoni, kwa sababu nakala rudufu zilikuwepo. Wakazifungua, na wakagundua kwamba nakala hizo zilikuwa na kasoro, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa upande wa ufundi, ambaye alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga, na kwa sababu hiyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani. Mashine ile ililetwa ofisini kwa gari, imefunikwa kwa mablanketi. Baadaye Pixar waliamua kuisuka upya hadithi yenyewe, na filamu ikatoka Novemba 1999.

Ninapoisimulia habari hiyo naisimulia kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nimepitia inayofanana nayo. Nilikuwa na diski ya nje yenye picha na maandishi ya miaka minane. Siku moja ilianza kutoa mlio mkavu, kama ukucha unaogonga kioo, ukajirudia kila baada ya sekunde mbili, kisha mfumo ukasema hauoni kifaa chochote. Nilikuwa na nakala ya pili. Nilipoifungua nikakuta majina ya mafaili yote yapo, na kila moja lina ukubwa wa sifuri, kwa kuwa kazi ya kunakili ilikuwa ikikatika katikati kila wiki nami sikuwahi kufungua hata faili moja nikalitazama. Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ninachagua faili moja kutoka kwenye nakala rudufu, ninalirudisha mahali papya, ninalifungua, ninalisoma mpaka mwisho. Inachukua dakika kumi. Kama mna jambo moja la kuandika kwenye madaftari yenu jioni hii, andikeni hilo.

Lipo pia suala la nani mwenye haki ya kutazama filamu aliyoinunua, kwa kuwa hapo ndipo mfumo endeshi na sinema vilipogongana uso kwa uso. Diski za DVD zilifungwa kwa kufuli ya kidijitali, na ufunguo ulitolewa kwa waliopewa leseni tu. Mtu aliyekuwa na DVD halali na kompyuta yenye Linux alikuwa na kila kitu isipokuwa ruhusa. Mwaka 1999 kijana wa Norwei wa miaka 15, Jon Lech Johansen, alihusika katika kutoa programu iliyofungua kufuli hiyo, akieleza kwamba alitaka kutazama filamu zake kwenye Linux. Alishtakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwona hana hatia Januari 2003, na rufaa ya mwisho wa mwaka huo ikathibitisha hivyo. Najua kwamba watengenezaji wa filamu wanaibiwa, na wizi huo unawaumiza watu wanaofanya kazi kwa jasho lao, wala siutetei. Lakini kufuli inayomzuia mnunuzi mwaminifu huku mwizi akiivunja kwa siku moja imemlinda nani? Nimelitafakari swali hilo kwa miaka na sijasikia jibu lililoniridhisha.

Nimebakiza filamu moja, na hii nitaisema kwa furaha. Kuna programu iitwayo Blender, ya kuchora na kuhuisha picha za pande tatu. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ilipofilisika mwaka 2002, mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, aliwaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili msimbo wake ununuliwe na kuachiwa huru. Zilipatikana kwa wiki saba. Kwa miaka mingi wataalamu waliitazama kama kitu cha wanafunzi. Kisha Gints Zilbalodis, mwongozaji kutoka Latvia, akatengeneza Flow, iliyotoka mwaka 2024, filamu isiyo na neno hata moja, kuhusu paka anayeokoka mafuriko ndani ya mashua pamoja na wanyama wengine. Ilifanywa kwa Blender. Machi 2025 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya uhuishaji, ikishindana na studio zenye majengo na mashine ambazo timu ile ndogo haikuwa nazo.

Niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilimtazama paka. Mara ya pili nilisimamisha picha pale maji yanapopanda kwenye mashina ya miti, nikasogeza fremu moja moja, kwa sababu nilijua kwamba programu iliyoyachora maji yale iko kwenye mashine yangu, toleo lake lote, na kwamba nikitaka naweza kufungua msimbo wake nikasoma mwanga unavyohesabiwa juu ya maji. Sielewi kila kitu kilichomo. Nimesoma kurasa kadhaa na nimeelewa baadhi, na hiyo baadhi haiwezi kuondolewa kwangu.

Muda wangu unakwisha, na nimewaahidi kitu cha kuona. Ile programu aliyoitumia Lex ilipendwa na watu walioiandika upya kwa ajili ya Linux, ikaitwa fsv, na msimbo wake uko wazi. Nimeisakinisha kwenye kompyuta hii yenye bawaba iliyolegea. Humu ndani nimeficha faili moja, ndani ya folda ya tatu kutoka kwenye mzizi, ile folda inayobeba nyingine zote, na jina lake ni milango. Taa zitakapozimwa nitaonyesha kwanza lile tukio la filamu, kisha nitamwachia mmoja wenu kiti. Naomba aje yule ambaye hajawahi kugusa Linux hata siku moja. Asiharakishe, mlango umefungwa na hakuna anayeusukuma.